Manjano ya Bibi Yalibeba Lawama za Mkorogo Wangu

Mimi ndiye niliyemharibia uso bibi harusi. Naanza hapo hapo, usije ukanionea huruma kabla hujanisikia. Si jua, si maua, wala si manjano. Ni mimi, kwa mikono yangu hii, huku nacheka naye na kuitwa anti.

Jina langu sitaji, na ya wenzangu nimeyabadilisha. Mimi mtu wa Tanga, naishi Thornton Heath, na London hii nimeshaizoea mpaka baridi yake. Siku za kazi nahudumia wazee majumbani kwao. Mwisho wa wiki naremba maharusi.

Kusinga nilifundishwa na mama yangu mdogo nikiwa kigori. Liwa, manjano, karafuu iliyosagwa, maji ya waridi, ndiyo singo yenyewe, unamsugua mwali taratibu mpaka ngozi inateleza. Mekapu nikajifunzia huku. Nikaunganisha vyote viwili, na watu wakanipenda. Nilikuwa na wateja Waswahili, Wasomali, Wanaijeria. Wahindi tu ndio walikuwa hawajanijua.

Na mimi nilikuwa nawataka hao Wahindi, mwenzangu, usiniulize! Harusi zao siku tatu, siku nne, kila siku nguo mpya na uso mpya. Nikipita Harrow naona sari zimetundikwa madirishani, najisemea moyoni, ipo siku na mimi nitawaremba hawa. Uchu huo ndio ulioniponza.

Basi siku moja nikapigiwa simu na mama mmoja, tumwite Mama Jinal. Mgujarati, kazaliwa Moshi, kaja huku bado msichana. Kiswahili chake sasa! Ungefumba macho ungesema unaongea na mama wa Kichaga muuza ndizi.

"Dada, nasikia wewe unasinga kama zamani," akaniambia. "Binti yangu anaolewa. Njoo Harrow tunywe chai, uniongeleshe na Kiswahili kidogo, huku nje ya nyumba nimekosa wa kuongea naye."

Nikaenda mbio.

Jinal mwenyewe nilimpenda siku ile ile. Mwalimu wa watoto wadogo, mcheshi, hana makuu. Na ni mweusi. Mweusi wa kung'aa, ngozi laini haina hata kipele, ile ngozi ambayo sisi warembaji tunaiombea dua. Kiswahili anakisikia vizuri, ila ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza.

"Anti, nina ombi moja tu," akaniambia. "Nataka siku hiyo nifanane na mimi. Usinifanye mweupe. Kila harusi ya binamu zangu napakwa unga mpaka sijijui kwenye picha. Hii ni yangu, nataka nijione."

Nikamwambia mwanangu, mimi si wa mambo hayo. Wallahi nikamwahidi, mkono kifuani.

Mama yake akanisindikiza mpaka stesheni. Njiani nikaona anajifuta macho na ncha ya mtandio. Kumbe siku ya uchumba, mama mkwe mtarajiwa alishika picha akasema mbele za watu kwamba huyu binti kwenye picha yanaonekana meno tu. Watu wakacheka. Jinal naye akacheka, maana angefanya nini?

"Dada, mimi nimeolewa, nayajua maneno ya mama mkwe," Mama Jinal akasema. "Hayatoki ndani ya nyumba mpaka mmoja wenu afe. Mfanye atakate kidogo. Kidogo tu, hata hatajua. Ukinisaidia, Harrow nzima itakujua, nitakutangaza mpaka hekaluni."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema hapana.

Na usidhani nilikuwa sijui ninachoombwa. Mkorogo wa kujichubua naujua, nimejipaka mwenyewe miaka niliyokaa Dar. Mpaka leo viungo vya vidole vyangu ni vyeusi kuliko mkono mzima, ndiyo maana nikipigwa picha naficha mikono. Nayajua mawasho yake. Najua ngozi inavyokuwa nyembamba, jua likikugusa unahisi umemwagiwa chai ya moto. Nayajua yote hayo, lakini nikamshika bega nikamwambia, "Usijali mama, niachie mimi."

Shetani gani alinisukuma? Hakuna shetani. Nilitaka jina.

Krimu yenyewe nilinunua duka fulani, ambapo haikai rafuni, unaiulizia kwa kunong'ona. Nikaileta nyumbani, nikaichanganya na liwa, manjano na maji ya waridi, nikaikoroga mpaka rangi ikawa moja. Nikaitia kwenye kopo zuri lenye kifuniko cha dhahabu. Nikampelekea Jinal, nikamwambia ajipake kila jioni, usoni na shingoni, asiache.

Haukupita muda akaanza kutakata. Uso unawaka kama taa! Mashangazi wanamsifu, mama ananipigia simu kunishukuru. Na mimi kichwa kikavimba, nikajiona fundi kweli kweli.

Siku moja nimekwenda kumjaribishia mekapu, akajitazama kwenye kioo muda mrefu.

"Anti, mbona faundesheni yangu ya siku zote hainikubali tena? Nimekuwa mweupe. Humu kwenye kopo mna nini?"

Nikacheka. Ndiyo, nilicheka! "Singo hiyo, mama. Inatoa taka. Ni liwa na manjano, basi."

Akaniamini. Akanikumbatia. Mwenzangu, kukumbatiwa kule bado nakuhisi mgongoni.

Sasa ikafika siku ya manjano. Wenyewe wanaita pithi. Kabla ya harusi, wanawake walioolewa wa ukoo wanampaka bibi harusi manjano usoni, mikononi, miguuni, huku wanaimba na kumtania, ili ang'ae na aondokewe na kila baya. Ni kama singo yetu, ila wao wanaifanya hadharani, na ni baraka.

Na mwenye baraka zile pale nyumbani alikuwa Ba, ndivyo wanavyomwita bibi yao mzaa baba. Kizee kifupi, chepesi, kimekaa dukani Moshi miaka na miaka na mumewe kabla ya kuletwa huku, Kiswahili chake cha kaunta, kifupi kifupi, hakina maneno ya ziada. Manjano ya unga ya dukani alikuwa hayataki hata kuyaona. Alinunua mizizi, akaikausha, akaisaga mwenyewe, akachanganya na unga wa dengu. Wajukuu wa kike wote wa ukoo ule walipakwa manjano yaliyosagwa na Ba.

"Ona mikono," akanionyesha asubuhi ile, viganja vimekuwa vya njano mpaka kucha. "Dhahabu tupu! Leo nampaka wa kwanza mimi."

Shughuli ilifanyika bustanini nyuma ya nyumba. Na jua la London, lile linalojificha mwaka mzima, siku hiyo likatoka lote. Nikamwona Jinal kakaa kwenye kiti kidogo, ngozi ya uso imekuwa nyembamba kama ganda la kitunguu, jua linampiga utosini. Nikajua. Nakwambia nilijua! Nikafungua mdomo niseme uso msiuguse, pakeni mikono tu. Mama Jinal akanitazama. Nikaufunga mdomo wangu.

Ba akampaka wa kwanza. Wakafuata mashangazi, nyimbo, vicheko, wanamjaza manjano mashavuni.

"Inachoma," Jinal akasema.

Wakamcheka. "Bibi harusi mwoga! Subiri uone ndoa!" Wakaendelea kumpaka.

"Hapana, kweli, inachoma!"

Walipomwosha, nyimbo zikakatika. Uso ulikuwa mwekundu, umevimba, mashavu yametoka mabaka kama aliyepigwa na mvuke wa sufuria. Macho yanakaribia kufumba. Mama yake akapiga ukelele.

Kwa desturi yao, bibi harusi akishapakwa manjano hatoki nje ya nyumba mpaka harusi. Kwa hiyo hospitali hakuna aliyeitaja. Wakampigia simu binamu yake anayefanya kazi duka la dawa, wakaweka sauti ya juu tukisikia sote.

Yule kijana akauliza swali moja la maana. "Kuna krimu yoyote amekuwa akitumia? Ya kung'arisha ngozi? Niambieni ukweli, maana dawa ni tofauti."

Jinal akageuka. Akanitafuta kwa yale macho yaliyovimba.

"Anti? Kulikuwa na kitu?"

Ole wangu! Kinywa changu hiki. Kiingereza kikanitoka kichwani, nikajibu kwa Kiswahili, "Hakuna kitu. Nadhani ni haya manjano."

Ba alikuwa amesimama karibu yangu. Akaelewa kabla ya wengine kwamba nimeyalaumu manjano yake. Akatazama viganja vyake, halafu akaenda taratibu kwenye bomba la bustani, akaanza kunawa. Akasugua na sabuni, akasugua na majani. Manjano hayatoki kirahisi, unajua. Akawa anasugua tu.

Nikamfuata. Nikamletea kiti akae. Nikamwambia, "Ba, usijilaumu, ni bahati mbaya." Mimi! Mimi ndiye niliyemwambia maneno hayo!

Asubuhi ya harusi nikafika kumremba. Nikatandaza brashi zangu zote, sijui nianzie wapi. Ngozi ilikuwa inatoa maji. Nikaipooza, nikaikausha, nikapaka rangi ya kijani kuua wekundu, nikapaka faundesheni, haikushika, nikapaka nyingine juu yake. Kuuficha ule wekundu ilibidi niende na rangi nyepesi, tena nzito. Jinal hakulia, aliogopa machozi yataharibu. Alinishika tu kifundo cha mkono, kila brashi ikigusa shavu anakibana.

Nikamchora vile vidoti vya maharusi wao, vyekundu na vyeupe, juu ya nyusi, nikamfunika mtandio. Akajitazama kwenye kioo. Mweupe pe! Kitu kimoja aliniomba, kimoja tu, na ndicho nilichomnyima.

Akainuka, akashika pindo la nguo yake, akatoka.

Mama mkwe alipomwona ukumbini akafurahi. "Sasa kapendeza! Mwoneni anavyong'aa." Mama Jinal akatabasamu huku anatazama pembeni.

Ndoa yao hufungwa kwa kuuzunguka moto. Mimi nimesimama nyuma na kisanduku changu cha poda, naona kila wakiukaribia ule moto Jinal anageuza uso upande wa pili. Wageni walidhani ni haya za bibi harusi. Mimi nilijua ni joto, anaungua.

Na Ba alikaa safu ya nyuma kabisa. Ulipofika wakati wa wazee kumgusa bibi harusi kichwani kumbariki, akaitwa, akaja. Akasimama mbali kidogo, akasema maneno yake ya baraka mikono iko ndani ya shali. Hakumgusa.

Baadaye Jinal alibaki na mabaka meusi mashavuni na kwenye paji la uso. Alikwenda kwa daktari wa ngozi, akaulizwa tena habari za krimu, akajibu hapana, ni manjano tu. Maana mimi ndivyo nilivyomwambia. Basi akatibiwa ugonjwa usio wake.

Na mimi je? Harrow ikanijua, kama nilivyotaka! Simu haikukatika. Nikimremba bibi harusi mwingine wa Kihindi, nakwepa macho yake kwenye kioo. Usingizi nikawa sipati. Swala naswali lakini dua hainitoki.

Mwaka huu Mama Jinal akanipigia. Binti yake mdogo naye anaolewa. Akaanza kulia.

"Ba amekataa kusaga. Tangu siku ile hagusi manjano, hata jikoni hagusi. Mchuzi tunapika sisi. Anasema mkono wake una mkosi, asije akamwunguza na huyu. Dada, njoo umwambie yalikuwa maua. Mwambie maua aliyovaa Jinal yalikuwa na dawa ya kuulia wadudu. Mzee atakuamini."

Uongo wa pili kufunika wa kwanza. Na mimi, mtu mzima na akili zangu, nikasema sawa, nakuja!

Nikamkuta Ba sebuleni, kadhoofu. Nikakaa chini karibu ya kiti chake, nikaanza. "Ba, nimefikiri sana. Siku ile nadhani yalikuwa yale maua. Yana dawa."

Uso wa yule mzee ulifunguka, mwenzangu, nashindwa kukueleza. Akanidaka mkono kwa mikono yake miwili. "Kweli? Si manjano yangu? Kweli, mwanangu? Si manjano?"

"Maua gani, anti?"

Jinal. Alikuwa jikoni, mimi sikujua kama yupo. Akaja akasimama mlangoni. "Sikuvaa maua ya kweli siku ile. Yalikuwa ya kitambaa."

Mama Jinal akawa anakoroga chai isiyo na sukari. Mimi ningeweza kuzua jingine, uongo ninao wa kutosha. Lakini Ba alikuwa bado kanishika mkono, ananitazama, anasubiri nimwambie maua gani. Nikashindwa.

"Nilitia mkorogo kwenye singo yako, Jinal. Lile kopo. Ulikuwa mkorogo."

Nikamweleza krimu ni ipi, nilichanganyaje, yote. Ba akautoa mkono wake mmoja, halafu wa pili, akaviweka viganja mapajani kwake.

"Nani alikwambia ufanye hivyo?" Jinal akauliza.

Nikatazama zulia. Hilo sikutaka liwe langu kulisema.

"Mimi," akasema mama yake.

Jinal akachukua tishu mezani. Akajifuta shavu moja, kwa nguvu, mekapu yote ikatoka, mabaka yakabaki wazi. Akaenda akasimama mbele ya mama yake.

"Niangalie."

Mama yake akainamisha kichwa.

"Mama, niangalie."

Halafu akanigeukia mimi. Nilitegemea matusi, na ningeyapokea. Akaniambia tu, "Nilikuuliza mara mbili."

Ba ndiye aliyenimaliza. Nimeshasimama niondoke, akasema kwa Kiswahili chake kile kifupi, "Siku ile ulinipa kiti." Akavitazama viganja vyake. "Ulinipa kiti, na ulikuwa unajua."

Hakuna aliyenifukuza. Nilivaa viatu vyangu mlangoni mwenyewe, nikaenda stesheni nalia mpaka mama mmoja wa Kizungu akanipa leso.

Maharusi nimeacha. Wale wa Harrow niliokuwa nimewakubalia nikawaambia watafute mtu mwingine, na walioniuliza sababu nikawaambia ukweli. Wameambiana, najua, maana siku hizi hata Waswahili wenzangu tukikutana shughulini wananisalimia juu juu. Stahili yangu.

Jina la ile krimu nilimtumia Jinal ampe daktari. Alinijibu baadaye: "Nimempa. Anasema ningemwambia mapema mabaka yangetoka. Sasa hana uhakika."

Na baada ya harusi ya mdogo wake akaniandikia tena, sikutegemea. Aliniambia Ba alisaga manjano. Alisaga mwenyewe, kama zamani. Lakini muda wa kupaka ulipofika alikataa, akawapa wengine bakuli, akakaa kando akiangalia. Alisema anajua si kosa lake, ila mikono imeshaogopa. Nimemsafisha jina, mikono nimeshindwa kumrudishia. Hiyo ndiyo bei ya kuchelewa kwangu, na anailipa mtu ambaye hakukosa kitu.

Basi nawe unayenisoma, kama unaremba watu na una kopo lako la siri, limwage leo. Mama mtu akija analia, mpe leso, usimpe ngozi ya binti yake. Na wewe mama, mtoto wako akikuambia anapenda rangi yake, mshukuru Mungu, funga mdomo.

Na kama umeshampaka mtu, jamani, sema! Daktari akiuliza, jibu hapo hapo, mbele ya wote, hata kama watakutoa mbio na viatu mkononi. Usimtafute mzee wa kumtwisha. Kazi utapata nyingine, na jina utalijenga upya ukijaliwa. Yule mtoto hapati uso mwingine.